Mbio Zisizo na Refa: Kutoka City Hall Way hadi Bwawa la Nairobi

Mpira una refa, ndondi zina refa, hata mbio za magunia za watoto shuleni huwa na mwalimu mwenye kipenga. Mbio za kawaida za mashua za matanga hazina. Mashua mbili zikikutana katikati ya maji, moja ikipokea upepo ubavu wa kulia na nyingine ubavu wa kushoto, ile ya kushoto sharti ipishe. Isipopisha, hakuna wa kuisimamisha. Nahodha aliyekosewa hupaza sauti pale pale kwamba analalamika, na kwenye vyombo vikubwa hutweka bendera nyekundu. Mwenziwe akijua kwamba amekosa, huizungusha mashua yake mizunguko 2 kamili, kisha huendelea na safari akiwa ameachwa nyuma. Asipokubali, shauri hungoja nchi kavu. Mfumo mzima umesimama juu ya mkosaji kujihukumu mwenyewe na, akikaidi, juu ya baraza ambalo litawasikiliza wote wawili.

Mfumo huo ulikuwa na makao Nairobi, mji usio na bahari wala ziwa. Mwaka 1953 wakuu wa mji walizuia mto Motoine upande wa kusini wa Kibera ili kuongeza maji ya matumizi, na likapatikana bwawa la ekari 88 hivi, lenye kina kisichofika mita 3 kwa wastani. Baadaye wanatanga na wapiga mbizi wakaweka klabu yao ukingoni, upande wa Barabara ya Lang'ata. Kwa miaka mingi aliyepita barabara hiyo Jumapili aliona matanga meupe yakikatiza mbele ya mabati ya Kibera. Leo mashua haiwezi kuelea pale. Nimeifuata njia ya kwenda huko kuanzia katikati ya mji, na wala sikusukumwa na hamu ya kuzirudia wikendi za wakoloni. Kilichonisukuma ni kwamba mashua za bwawa hili zilikuwa na utaratibu wa haki ambao maji yenyewe hayakuwahi kuupata.

Nilianzia City Hall Way, mbele ya Mahakama ya Juu. Ndani ya jengo hilo, tarehe 1 Septemba 2017, majaji 4 kati ya 6 walifuta matokeo ya uchaguzi wa rais kwa sababu namna matokeo yalivyopatikana na kupitishwa haikufuata Katiba na sheria. Wakenya wengi walishangaa kusikia kwamba aliyetangazwa mshindi anaweza kurudishwa mwanzo wa safari. Mwanatanga asingeshangaa. Katika mchezo wake, kufika wa kwanza ni nusu tu ya kazi. Mashua inaweza kuvuka mstari mbele ya wenzake wote na jioni ikafutwa kwenye orodha, kwa kuwa kule kwenye boya la pili ilimkatia mtu njia.

Lakini ukirudi nyuma hadi mwaka bwawa lilipojengwa, mji huu ulikuwa na sura nyingine. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Tarehe 8 Aprili 1953, kule Kapenguria, hakimu Ransley Thacker aliwatia hatiani Jomo Kenyatta na wenzake 5. Thacker alikuwa jaji mstaafu aliyerudishwa kazini kwa shauri hilo moja, na serikali ilimlipa kwa siri pauni 20,000. Shahidi mkuu wa upande wa mashtaka, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa kununuliwa. Akafungwa yeye, kwa kosa la kiapo hicho cha pili. Kanuni za mashua, hata zile za klabu ndogo ya mashua 10, zinakataza mtu mwenye maslahi katika shauri kuketi kulisikiliza. Mwenye chombo kinachoshindania nafasi na chako hakai kwenye kamati, na nduguye hakai pia. Ukimtilia shaka mjumbe, una haki ya kumpinga kabla kikao hakijaanza. Iwapo kanuni hiyo ingepelekwa Kapenguria, kesi ingeahirishwa asubuhi ya kwanza.

Mwaka uliofuata, alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wanajeshi na polisi waliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil. Waafrika, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, walitolewa majumbani na makazini, wakapangwa mistari na kupitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu mawili ya macho. Watu wa wakati huo waliwaita gakunia. Aliyefunikwa akitikisa kichwa hivi, ulirudi nyumbani. Akitikisa vingine, ulipandishwa lori. Zaidi ya watu 20,000 walikamatwa. Hukumjua aliyekushtaki, hukuambiwa kosa, hukuita shahidi. Malori yalielekea kambi ya mchujo ya Lang'ata, na kutoka hapo wengi walipelekwa Manyani na Mackinnon Road. Lang'ata hiyo ndiyo iliyo jirani na bwawa. Kwa hiyo njia hii ya kutoka mjini kuelekea kusini-magharibi ilipitwa na watu wa aina mbili katika miaka ya 1950: waliokuwa wanakwenda kuchujwa bila kusikilizwa, na waliokuwa wanakwenda kwenye michezo ambayo hata ugomvi wa boya ulisikilizwa kwa mashahidi. Vilabu vya michezo vya Nairobi wakati huo viligawanywa kwa rangi, na haki iliyomo ndani yake iliishia kwenye geti.

Hilo halinifanyi nizidharau kanuni zenyewe. Kitu kizuri kilichofungiwa na wachache hakigeuki kuwa kibaya kwa sababu ya kufungiwa.

Nilishika Ngong Road, nikayapita majengo ya Mahakama za Milimani kule Upper Hill, ambako Mahakama ya Mazingira na Ardhi husikiliza mashauri ya viwanja na mito. Nikapita Adams Arcade, na mbele zaidi nikafika kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ulioanza kutumika mwaka 1954 baada ya mbio kuhamishwa kutoka upande wa mashariki wa mji. Inafaa kusimama hapa kidogo, maana farasi na mashua ni watoto wa ukoo mmoja waliolelewa tofauti. Farasi hodari hubebeshwa uzito ili dhaifu apate nafasi. Mashua yenye kasi huongezewa dakika kwa hesabu maalumu ili ishindane na yenye kasi ndogo. Ila kwenye farasi wapo wasimamizi wanaokaa juu na darubini, na wao ndio wanaoamua kama mpanda farasi alimziba mwenzake. Mpanda farasi hatarajiwi kujishtaki, na nadhani angechekwa akijaribu. Hata Safari Rally, iliyoanza mwaka ule ule wa 1953, ilikuwa na utata wake wa usawa: magari ya mwanzo yaligawanywa kwa bei yake dukani, si kwa ukubwa wa injini, ili mwenye gari la bei nafuu asipigwe na tajiri. Nani amewahi kupata kipimo cha usawa kisichozua ubishi?

Sasa turudi majini, kwenye shauri lenyewe, kwa kuwa hapo ndipo utamu ulipo.

Chukua bwawa dogo, upepo unaogeuka kila mara, na mashua zinazobisha huku na huko kuelekea boya lililo upande unaotoka upepo. Maji yakiwa finyu, mashua hukutana mara nyingi, na zaidi ya yote hukutana bega kwa bega pale kwenye boya. Kanuni za kimataifa zinasema kwamba mashua zikifika kwenye duara la urefu wa mashua 3 kuzunguka boya, ile ya ndani ipewe nafasi ya kupita, mradi tayari zilikuwa sambamba kabla ya kuingia duara hilo. Hadi mwaka 2009 duara hilo lilikuwa la urefu wa mashua 2. Sasa fikiria watu wawili waliolowa, kila mmoja akishika usukani kwa mkono mmoja na kamba kwa mkono mwingine, wakikadiria kwa jicho kama wameingia duara ambalo halikuchorwa popote. Mmoja ataona urefu wa mashua 3, mwenzake ataona 4. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Jioni kamati ya watu 3 au zaidi huketi. Mlalamikaji na mlalamikiwa huwepo wakati wote ushahidi unapotolewa, kila mmoja akimuuliza mwenzake maswali. Kwa kawaida kuna vijimashua vya mbao au vya plastiki mezani, na watu wazima huvisogeza kwa vidole wakionyesha nani alikuwa wapi. Kisha wahusika hutoka nje. Kamati kwanza huandika ilichoona kuwa kweli: upepo ulitoka wapi, umbali ulikuwa kiasi gani, nani alipaza sauti na lini. Baada ya hapo tu ndipo hutaja kanuni, na baada ya kanuni ndipo hutoa uamuzi. Mpangilio huo una maana yake, kwani mtu akianza na uamuzi, ukweli atautafuta wa kuufaa. Ukishindwa una haki ya kukata rufaa kwa chama cha kitaifa dhidi ya tafsiri ya kanuni au namna ulivyosikilizwa, ila huwezi kukatia rufaa ukweli ambao kamati imeukuta. Walioketi pale wakawatazama mashahidi usoni ndio wenye neno la mwisho kuhusu umbali.

Tafsiri nyingine zimekusanywa katika kitabu cha mashauri cha chama cha dunia, ambacho leo huitwa World Sailing na ambacho kilianza mwaka 1907 kwa jina jingine. Shauri namba 50 linanipendeza. Mashua yenye haki imegeuza njia ikidai ilihofia kugongwa. Ile nyingine inasema ilikuwa na nafasi tele ya kupita. Nani apewe? Jibu ni kwamba kamati ijiulize kama hofu ile ilikuwa ya kweli na ya busara. Ikiwa ndiyo, mwenye haki hana wajibu wa kungoja agongwe ndipo athibitishe hatari. Naona hekima kubwa hapo, na ningependa kila afisa wa mipango ya mji alikariri shauri hilo.

Kwa kanuni hizo hizo Kenya ilifika Olimpiki. Mwaka 1960, michezo ya Roma ilipopeleka mashua zake kwenye ghuba ya Napoli, Anthony Bentley-Buckle, mtu wa meli wa Mombasa, aliiwakilisha Kenya pamoja na mwenzake katika mashua za aina ya Flying Dutchman. Kenya ilikuwa bado koloni. Pwani yenyewe ilikuwa na mashindano yake kabla ya yeyote kuandika vitabu vya kanuni, na hadi leo majahazi na mashua hushindana Lamu, na watu wa Shela na Matondoni hubishana kuhusu kona iliyokatwa vibaya kwa muda mrefu kuliko mbio zenyewe. Ila huko aibu mbele ya mtaa ndiyo hufanya kazi ya bendera nyekundu, na hilo lina makala yake.

Kutoka uwanja wa farasi niliufuata Motoine. Mto huu hutokea upande wa Dagoretti, hupita msitu wa Ngong Road, huingia Kibera, ndipo huingia bwawani. Ukitoka humo huitwa Ngong. Ndani ya msitu maji bado ni maji. Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20, ikakua hadi kuwa mji ndani ya mji huku serikali moja baada ya nyingine zikiihesabu kuwa haipo. Mahali pasipokuwepo kwenye karatasi hapalazwi bomba la maji taka. Katika vitongoji vya Kibera kama Laini Saba, Soweto na Silanga, vyoo, mitaro na takataka vyote vilikuwa na mteremko mmoja, nao ulielekea bwawani. Kila mvua ilishusha na udongo. Ni rahisi kuwanyoshea kidole wakazi, na wengi wamefanya hivyo. Lakini mtu hawezi kuitwa mvunjaji wa kanuni ya bomba ambalo hakuwahi kupewa.

Katika miaka ya 1990 gugu maji lililokwisha kulisumbua Ziwa Viktoria lilitanda hapa pia. Linapenda maji yenye mbolea, na bwawa lilikuwa limerutubishwa kwa miaka 40. Matanga yalikoma. Leo ukisimama upande wa Nyayo Highrise unaona bonde la kijani, na watu wanalima nduma na mboga mahali ambapo maboya yalielea. Kilimo hicho kinalisha familia, na nduma, kama ujuavyo, hupenda tope.

Wakati bwawa linazibwa, sheria zilizidi kuongezeka. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka 1999, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ikaanza kazi mwaka 2002. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza ujenzi na kilimo kando ya mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha mafuriko kilichorekodiwa. Kati ya 6 na 30 kuna nyumba nzima, na pengine ghorofa 5. Idara nyingine zilikuwa na vipimo vyao. Kwa hiyo mjenzi mmoja angeweza kuwa halali kwa ofisi hii na haramu kwa ile, akiwa amekaa pale pale. Duara la urefu wa mashua 3 lina utata, lakini angalau mashua zote hulipima kwa kipimo kimoja.

Agosti 2018 matingatinga yalitoka. Kule Westlands liliangushwa jengo la Ukay, na hapa, chini kidogo ya bwawa, kwenye makutano ya Barabara ya Lang'ata na Mbagathi, likaangushwa jumba la maduka la South End. Wenye majengo kadhaa yaliyobomolewa mwezi ule walisema walikuwa na vibali vya serikali. Umati ulishangilia, nami naelewa kwa nini: kwa miaka yote walikuwa wameona tingatinga likienda kwa maskini tu. Hata hivyo, swali la kamati ya mashua lilibaki bila kuulizwa hadharani. Ukweli uliokutwa ni upi, kanuni ni ipi, na aliyetoa kibali ameketi wapi? Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokuja, amri ya mita 30 ikarudi, na safari hii waliovunjiwa wengi walikuwa wakazi wa Mathare na mitaa kama hiyo. Hao hawakuwa na mawakili wa kukimbia kortini usiku.

Kuna jambo moja ambalo sheria ya nchi inaizidi kanuni ya matanga. Majini, huwezi kulalamika kwamba mashua fulani ilimkatia nyingine njia isipokuwa ulihusika katika tukio hilo au uliliona. Katiba ya 2010, ibara ya 70, inampa mtu yeyote nafasi ya kwenda mahakamani haki ya mazingira safi inapotishiwa, bila kuhitaji kuonyesha kwamba kuna aliyepata hasara au madhara. Mkazi wa Silanga anaweza, na mkazi wa Karen ambaye hajawahi kuliona bwawa anaweza pia. Lango ni pana. Tofauti iko kwenye saa: mlalamiko wa mashua kwa kawaida huwasilishwa ndani ya saa 2 baada ya chombo cha mwisho kumaliza, husikilizwa haraka iwezekanavyo, na mara nyingi watu hulala wakijua nani ameshinda. Bwawa la Nairobi limeandikiwa mipango ya kulifufua tangu wanatanga walipoondoka, na gugu lingali pale.

Na hata mlalamikaji akifika Milimani kesho, ataulizwa: ukingo wa bwawa uko wapi? Mita 30 zipimwe kutoka wapi, ikiwa maji yamefunikwa na mimea, udongo umejaa, na mahali palipokuwa maji pana shamba na ukuta? Waamuzi wa mashua, katika mashindano machache yanayokuwa nao majini, wana jibu la tatizo la aina hiyo. Wakishindwa kujua kama hali kati ya mashua mbili imebadilika, huichukulia kuwa bado ni ile waliyokuwa na hakika nayo mara ya mwisho, hadi wapate hakika kwamba imebadilika. Mzigo wa kuthibitisha humwangukia anayedai badiliko. Ukilipima bwawa kwa njia hiyo, mstari unaanzia kwenye michoro ya 1953 na ekari zake 88, na mwenye ukuta ndiye anayepaswa kueleza ni siku gani maji yalihama na kwa kibali cha nani.